Kuhamia godauni na gari zako za kufufua: anza na chumba cha kulala

Mimi nalala jengo moja na gari zangu mwaka wa nne huu, Chang'ombe upande wa viwanda, Dar. Gari ni mbili, Land Rover 109 Series III na Corolla KE70. Kabla ya hapo nilikuwa na chumba Tabata, gari nimezilaza kwenye yadi ya watu, kila nikienda nakuta kitu kimepungua, leo taa ya nyuma kesho kifuniko cha kabureta, na bado kila mwezi nalipa kodi mbili. Nikaamua kuunganisha. Najua kuna vijana wengi wanaliwaza hili saa hizi maana vyumba vimepanda bei na gari ya kufufua haitaki kukaa mbali na mwenyewe, kwa hiyo nawaandikia hatua kwa hatua nilivyofanya na pale nilipokosea, kwa sababu kuna kosa moja lilitaka kuniua kabisa.

Kabla ya yote shika hili. Jengo la gereji limejengwa kwa ajili ya chuma. Lina joto, lina moshi, lina mvuke wa petroli, na usiku milango yote inafungwa kwa kufuli. Wewe unaenda kuweka mwili wako humo masaa manane umelala hujitambui. Usilaze gari ndani kabla hujajua wewe utalala wapi na utatoka wapi moto ukitokea.

Hatua ya kwanza: kutafuta jengo

Dalali atakupeleka mchana wa jua, kila kitu kikavu kinapendeza. Mkubalie, tazama, halafu rudi peke yako siku ya mvua. Mvua kubwa ndiyo inakuonyesha jengo lilivyo, bati linavuja wapi, maji ya barabarani yanaingia au hayaingii. Angalia ukutani kwa chini kama kuna mstari wa matope au rangi iliyovimba, ukiuona ujue maji huwa yanafika hapo. Hapa Dar maeneo ya bonde la Msimbazi na vijito vyake kodi inashuka sana na sababu ni hiyo hiyo, tuliokuwepo Desemba 2011 tunakumbuka maji yalivyofanya. Injini iliyoko chini wazi imefunguliwa haiwezi kukimbia mafuriko.

Halafu fanya jaribio hili, ni la shilingi mia mbili tu. Nunua maji ya kandoro au jaza chupa, mwaga katikati ya sakafu, simama uangalie yanakimbilia wapi. Sakafu nyingi za zege zinaonekana bapa lakini zina mteremko. Yanapoelekea maji, ndipo petroli itakapoelekea siku ikivuja. Weka alama ya chaki hapo. Alama hiyo utaihitaji mbele.

Vipimo navyo vipige na futi, acha kukadiria kwa macho. Land Rover 109 ina urefu wa karibu mita 4 na nusu, ukiongeza nafasi ya kuzunguka na ya kuvuta injini kwa mbele unahitaji kama mita 6 na nusu kwa 3 na nusu, hizo ni karibu mita za mraba 23 kwa gari moja. Gari mbili ni 46. Weka mita 10 za benchi la kazi, makabati na compresa, chumba chako 16, choo na kijinjia cha kupita. Chini ya mita za mraba 80 kwa gari mbili utaishi unaruka vyuma. Geti nalo lipime, upana na kimo, kuna jamaa alilipa miezi sita akakuta breakdown iliyobeba gari yake haipiti getini, ikabidi waisukume kwa mikono kuanzia barabarani.

Mimi ningekushauri utafute jengo ambalo tayari lina chumba cha ofisi kwa mbele, cha tofali, chenye dirisha na mlango wake wa nje. Godauni nyingi za zamani za Chang'ombe na zile za barabara ya Nyerere zimejengwa hivyo. Hicho chumba kina thamani kuliko mita ishirini za ziada huko nyuma.

Hatua ya pili: mwambie mwenye jengo ukweli

Wengi wanaficha. Wanakodi kama stoo, usiku wanaingiza godoro kimya kimya. Usifanye hivyo, mlinzi atajua wiki ya kwanza, na siku ya tatizo utatolewa nje na gari haiendi. Mimi nilienda kwa mzee mwenyewe, nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia:

"Mzee, nia yangu nifanyie kazi gari zangu humu na nilale hapa hapa kwenye ofisi ya mbele."

Akanyamaza kidogo. "Na moto je kijana wangu?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza, hakuuliza kodi. Nikamwonyesha kwenye karatasi mitungi ya kuzimia moto itakaa wapi na mlango wa kutokea uko wapi. Akakubali, ila akataka iandikwe. Na wewe iandike: kwamba unalala humo, kwamba ni gari zako binafsi na haufungui gereji ya wateja (au unafungua, basi sema), nani anatengeneza bati likivuja, na ukijenga ukuta au dari utaondoka navyo au vinabaki. Kipengele cha notisi kiombe kiwe miezi mitatu, maana mwenye kitanda anahama siku moja lakini mwenye Land Rover iliyovuliwa bodi hahami siku moja.

Upande wa sheria, kila kiwanja kina matumizi yake yaliyopangwa, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kubadili matumizi kunapitia halmashauri. Njia nyepesi ni kutafuta kiwanja kilichoandikwa makazi na biashara, au jengo ambalo chumba cha mtunza jengo kiko kwenye ramani tangu mwanzo. Muulize mwenye jengo hati inasemaje. Ukikodi kwa ajili ya biashara kumbuka kodi ya zuio asilimia 10 ya pango, mpangaji ndiye anaikata na kuipeleka TRA, na mkataba unalipiwa ushuru wa stempu. Haya yazungumzeni kabla bei haijafungwa, maana wenye majengo wengi wanakutajia kodi wakiwa wanawaza hela yote inaingia mfukoni kwao.

Ukishahamia nenda serikali ya mtaa ukajitambulishe. Maeneo ya viwanda mwenyekiti hakutegemei kwamba unaishi hapo, na siku ukihitaji barua ya utambulisho utazungushwa. Pia akikujua, siku mtu akiripoti kwamba kuna kijana anakatakata gari usiku ndani ya godauni, kuna mtu wa kukusemea. Kwa sababu hiyo hiyo kadi za gari na risiti za injini ziwe pamoja kwenye faili moja. Gari iliyovuliwa bodi ikiwa haina kadi karibu inatiliwa mashaka hata kama ni ya babu yako.

Hatua ya tatu: chumba

Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unashuka unatambaa sakafuni kama maji mpaka ukutane na cheche. Gesi ya kupikia nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kichwani watu wanawaza nitajenga mezanini, yaani sakafu ya juu humo humo ndani, nilale juu. Sawa, mvuke utakuwa chini, lakini joto la bati liko juu. Mimi nilianza na mezanini, mbao mbili kwa nne na plaiwudi, kitanda kikawa kama mita moja na nusu toka kwenye bati. Mwezi wa pili saa tano usiku joto la mchana bado limejaa huko juu, shuka limelowa jasho. Na jambo baya zaidi, moshi wa moto unapanda, na ngazi yako iko upande wa gari. Moto ukianza chini umeshafungiwa juu. Nikaivunja.

Nikahamia ofisi ya mbele. Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, sikuwa nimefanya lile jaribio la chupa ya maji.

Ilikuwa kama saa nane usiku. Corolla nilikuwa nimeitia petroli jioni niisikilize, injini ni 4K ya kabureta, ile hozi ya mpira toka kwenye tangi ilikuwa ya zamani na mimi nikaiona bado inafaa. Ilipasuka taratibu sehemu iliyobanwa na klempu. Nimeshtuka na harufu tu. Nikawasha tochi ya kichwani, hiyo hulala nayo karibu na mto, nikaangalia chini, nikaona sakafu inang'aa. Petroli ilikuwa imetoka chini ya gari, imefuata mteremko wa zege mita kama sita, imepita chini ya mlango wangu na imefika usawa wa mguu wa friji. Friji ile ilikuwa inawaka na kuzima yenyewe kama friji zote, na kila inapowaka kuna cheche ndogo kwenye relei yake huko nyuma, chini kabisa, sentimita chache toka sakafuni. Sikugusa swichi yoyote ya umeme humo ndani. Sikuchomoa hata friji, kwa sababu kuchomoa nako kunatoa cheche. Nilifungua mlango wa nje nikatoka pekupeku, nikazunguka mpaka kwenye mein switch iliyoko ukuta wa nje, nikazima jengo zima, nikamwamsha mlinzi, tukafungua geti zote mbili tukamwaga mchanga tukakaa nje mpaka kumekucha. Mpaka leo nikisikia friji inawaka usiku naamka.

Kilichoniokoa ni vitu viwili tu, mlango wa chumba unaofunguka moja kwa moja nje, na mein switch iliyo nje ya jengo. Kwa hiyo chumba chako kiwe hivi.

Kiwe upande wa juu wa mteremko, mbali na ile alama ya chaki. Kati yako na gari kuwe na ukuta wa tofali uliopigwa plasta mpaka juu, usiachie uwazi pale juu ya kenchi kama wanavyofanya mafundi wengi, moshi unapita hapo. Kama kuna mlango wa kuingilia upande wa gari, jenga kizingiti cha zege cha sentimita 15, ujikwae mpaka ukizoee, na mlango wenyewe ubane na mpira chini. Mlango wa pili utoke nje, na kufuli lake lifunguke kwa ndani bila ufunguo, komeo la kuteleza linatosha. Dirisha likiwa na grili ya nondo, fundi aichomelee bawaba ifunguke kwa ndani. Najua wizi upo, lakini grili isiyofunguka imeua watu wengi kwenye nyumba za hapa mjini.

Dari weka jipsam au plaiwudi, juu yake acha uwazi hewa ipite kati ya dari na bati, hapo joto linapungua sana. Bati la upande wa gari toboa uweke zile feni za kuzungushwa na upepo, hazili umeme.

Na injini usiwashe ndani geti zikiwa zimefungwa, hata dakika mbili za kusikiliza sailensa. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inakamata damu mahali pa oksijeni na unalala moja kwa moja. Jiko la mkaa chumbani ni hatari hiyo hiyo. Rangi ya kupulizia, hasa zile zinazochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha rangi), usipulizie kwenye jengo unalolala, zina kemikali inayoharibu mapafu na ile barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Peleka kwenye oveni ya rangi, lipa, rudi na gari yako.

Hatua ya nne: umeme

Angalia mita kwanza. Kama LUKU ni moja na mnachangia wapangaji watatu, mtagombana, mashine yako ya kuchomelea itasingiziwa hata umeme wa jirani. Omba mita yako. Na usitegemee ile bei nafuu ya D1, hiyo ni ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, compresa na welding vitakupeleka T1, bei ya kawaida, mapema tu. Kodi ya jengo ya serikali nayo siku hizi inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo kubaliana na mwenye jengo nani anaibeba.

Fundi umeme atenganishe laini mbili toka kwenye mein, moja ya chumba na moja ya karakana, kila moja na breka yake. Jioni ukimaliza kazi unazima ya karakana yote, taa soketi compresa, kila kitu, unabaki na chumba tu. Soketi za upande wa gari zipande juu, usawa wa kiuno, usikubali soketi za chini. Muulize na eathi, ile waya ya kupeleka umeme ardhini, iko wapi, akuonyeshe nondo yenyewe ilipochimbiwa. Mashine kubwa zikitaka fezi tatu jua mapema kama jengo linazo.

Moto

Kuchomelea na grainda mwisho saa kumi na mbili jioni. Cheche inaingia kwenye sponji ya siti au kwenye kapeti inafuka taratibu saa nzima kabla haijawaka, kwa hiyo baada ya kazi ya moto unakaa hapo hapo saa moja, kula, fagia, panga spana, halafu zunguka uguse kwa mkono kila mahali ulipochomelea. Mitungi ya kuzimia moto, ile ya unga, iwe miwili, mmoja mlangoni kwa chumba na mwingine mlango wa geti, yote upande wa kutokea. Ndoo za mchanga weka. Maji usimwagie petroli, yanaisambaza tu. Tangi la gari inayokaa muda mrefu lifyonze, petroli iwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko na likae nje kwenye kivuli. Betri chajia mahali penye hewa, inapochajiwa inatoa haidrojeni. Zimamoto ni 114, iandike ukutani na maelezo ya njia ya kufika, kwa sababu ukiwa umepaniki hata jina la mtaa linapotea.

Maji, choo, chakula na mbu

Godauni nyingi zina choo cha nje bila bafu. Simtank ya lita 1000 na bomba la mvua kwenye banda la bati linatosha, mfereji wake uelekeze kwenye shimo, na usioshee vyuma humo. Nguo za kazi zisiingie chumbani, zitundike nje, zina petroli na grisi, na ukizilalia ngozi inakusimulia. Kupika nje kwenye kibaraza, mtungi wa gesi nje. Na jua kwamba Jumapili maeneo ya viwanda yanakufa, mama ntilie hayupo, duka limefungwa, nunua mkate Jumamosi.

Oili chafu usimwage, weka kwenye dumu, wapo wanaokuja kuchukua, wengine wanapaka mirunda kwa ajili ya mchwa. Tairi kuukuu zifunike au zitoboe. Maji kidogo ndani ya tairi ndiyo yanazalisha mbu wa dengi, na huyo anauma mchana, chandarua haikusaidii. Mwaka 2014 na 2019 dengi ililaza watu wengi Dar. Panya pia, wanapenda waya wa gari, mimi nina paka wawili na sijapoteza waya tena.

Gari zenyewe

Gari iliyoinuliwa ikae kwenye stendi nne za chuma, kamwe jeki peke yake, na matofali yale ya kutoboka ndani yanavunjika ghafla. Unaishi peke yako humo, ikikuangukia saa tatu usiku hakuna wa kukusikia, kwa hiyo kazi za uvunguni zifanye mchana mtu akiwepo, au mwambie mlinzi, "kaka naingia uvunguni, nisipotoka nusu saa njoo."

Chumvi ya bahari inafika mpaka huku. Land Rover bodi ni aluminiamu lakini chesisi na balkhedi (ukuta kati ya injini na dereva) ni chuma, na kutu inaanzia ndani ambako huoni. Nagonga chesisi na nyundo ndogo kila baada ya masika, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo. Yangu ilikuwa imeoza pale nyuma ya tangi, kidole kiliingia.

Jambo moja la faraja, ada ya road licence ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari kukaa juu ya stendi miaka miwili haikujengei deni kama zamani.

Na usivue gari zote kwa pamoja. Moja iwe kwenye tairi nne muda wote, upepo umejaa, usukani unageuka, hata kama haina injini. Mwaka jana paa la jirani lilishika moto mchana, watu sita tuliisukuma Corolla mpaka barabarani kwa dakika tatu. Land Rover haikuwa na ekseli ya mbele siku ile. Ilibaki ndani, na mimi nilisimama upande wa pili wa barabara naangalia bati mpaka zimamoto walipomaliza. Moto haukufika kwetu. Ekseli niliirudisha wiki ile ile.